Barua ya wazi: Mzee aliyefyeka kilima anapokufa

Bukavu

Kwa wakubwa wetu mnaosimamia ardhi Kivu Kusini: serikali ya jimbo, ofisi ya kadastri (wapimaji wa ardhi wa serikali), konservatere wa hati za ardhi, bami (watawala wa jadi, mmoja ni mwami) na mashefu wa grupman (kundi la vijiji), na mahakimu wa korti za amani.

Waheshimiwa,

Tunawaandikia juu ya kifo cha kawaida kabisa. Mzee wa miaka themanini na kitu anakufa kitandani mwake, kilimani Walungu, Kabare au Kalehe, watoto wakiwa wamemzunguka. Hakuna wa kushtakiwa. Lakini rudi kilimani hapo baada ya miaka mitatu: korongo limepasua shamba katikati, migomba imenyauka, kahawa imegeuka kichaka, na ndugu wa tumbo moja hawaonani ila kortini. Sisi ni watu wa kamba na daftari. Tunapima mashamba, tunaandika makaratasi ya mirathi, tunashauri wakulima wa kahawa na migomba. Jambo hili hujirudia kwa namna ileile, hatua kwa hatua, na hatua nyingi zinapita mezani penu.

Kwanza tuseme mzee huyo ni nani, maana kwenye mafaili yenu hayumo. Ni yule aliyefika kilimani pakiwa bado pori au malisho, akapewa mpaka, akafyeka. Alipewa kwa kalinzi. Wengi wenu mnalijua neno, ila kwa waliotumwa huku kutoka majimbo mengine: kalinzi ni kitu anachotoa mtu kwa mwami au mwakilishi wake mbele ya mashahidi, zamani ng'ombe, siku hizi mara nyingi pesa, na kwa kitu hicho anapata haki ya kukaa na kulima, yeye na uzao wake. Bwasa ni jambo lingine. Bwasa ni kuazima kipande kwa msimu, kwa siku za kazi au kwa malipo, na mwenye bwasa haruhusiwi kupanda kitu cha kudumu. Ndiyo maana kilima cha Bushi, nchi ya Bashi, husomeka kwa macho. Penye mgomba na kahawa pamesimama kalinzi. Penye maharagwe na viazi vitamu tupu, uliza kwanza kabla ya kuandika.

Mzee huyo hakulima ovyo. Alijua wapi pana kalongo, ile ardhi chovu, na wapi pana civu yenye rutuba. Migomba aliiweka karibu na nyumba, mahali ambapo majivu, maganda na samadi vinafika bila kubebwa. Kahawa aliipanda pembeni ya migomba, mita 2 kwa 2 au zaidi kidogo. Chini zaidi maharagwe na muhogo, bondeni matuta ya viazi kwa ajili ya kiangazi, na juu kabisa, penye mawe, mikalitusi. Mpaka aliuonyesha kwa mti ule wa majani marefu membamba ambao ukikatwa leo unachipuka kesho. Kukata mteremko alichimba mifereji ya kushika maji, nusu mita upana na nusu mita kina, ikifuata usawa wa kilima, na ukingoni akapanda majani ya ng'ombe ili udongo usirudi. Kilima kizima kiliunganishwa na mifereji hiyo kama kikapu na ukindu wake.

Vyote hivyo vilikuwa kichwani mwake. Hapo ndipo tunapomlinganisha na mlowezi. Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda Comité National du Kivu, ikakabidhiwa ardhi kubwa ya kugawia walowezi, na kandokando ya ziwa yakafunguliwa mashamba makubwa ya kahawa na ya miti ya kwinini. Mlowezi alipokufa au kurudi kwao aliacha ramani, namba na jiwe la mpaka. Mashamba hayo yalibadilisha mikono tena baada ya tangazo la Zaïrianisation, la kuwakabidhi Wazaire mali za wageni, la tarehe 30 Novemba 1973, na hata hapo karatasi ilihama pamoja na shamba. Wote wawili walifungua ardhi, mlowezi na mzee wetu. Mmoja alikufa akaacha faili, mwingine alikufa akaacha mashahidi, nao mashahidi wanakufa.

Sheria haikumsaidia. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni mali ya dola. Kifungu cha 387 kikaingiza ardhi ya wenyeji humohumo. Cha 388 kikaeleza kwamba ni ile wanayokaa, wanayolima au kuitumia kwa namna yoyote kwa desturi zao. Cha 389 kikaahidi kwamba haki zao zitapangwa kwa amri ya Rais wa Jamhuri. Zaidi ya miaka 40 ilipita amri hiyo ikingojewa. Mzee alizaliwa kabla ya sheria hiyo, akazeeka ndani ya ahadi yake.

Sasa tuingie kwenye matanga, maana uharibifu wa kwanza huanza pale, na hakuna anayeuona.

Msiba unataka kasiksi, pombe ya ndizi. Vijana wanatumwa kukata ndizi, hapa mikungu mitano, pale kwa jirani mitatu, panga lilelile kutoka shina hadi shina. Kama kuna shina moja lenye mnyauko bakteria, panga limekwisha kuupeleka kwenye mashina yote yaliyofuata. Wiki chache baadaye majani yanapiga manjano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati, nusu mkungu mbichi nusu mbivu, ukipasua ndani kuna madoa ya kahawia, ukikata shina linatoa usaha wa manjano. Familia inasema marehemu amekasirika, au jirani ameroga. Ni panga tu. Lingepashwa moto kwenye makaa mpaka lisishikike, au kuoshwa kwa javeli (dawa ya kung'arisha nguo), kikombe kimoja kwa vitano vya maji, kila baada ya shina, shamba lingepona. Na ua dume lingeondolewa kwa kijiti chenye panda mara tu kichane cha mwisho kikishatokea, wadudu wasingekuwa na pa kunywea. Maagronoma wenu wanayajua haya. Hakuna anayewatuma msibani.

Halafu kaburi. Kilimani kaburi ni karatasi. Anayezikwa kwenye kipande anakishuhudia. Kwa hiyo siku ya kuchagua mahali pa kuzika, mtoto mwenye jicho la mbali anapendekeza upande wa mpaka unaogombaniwa, na wazee wanaona haya kubishana mbele ya maiti. Wiki inayofuata jirani anapanda mikalitusi upande wake, kwa haraka, safu mbili. Mkalitusi wa mpakani hunywa maji ya pande zote mbili, lakini haukupandwa kwa ajili ya mbao. Umepandwa kama sahihi.

Baada ya matanga wanagawana. Hapa tunaomba mtuvumilie, kwa sababu ndipo vilima vinapokufa.

Chukua shamba la mita 60 upana na mita 100 kutoka juu hadi bondeni, watoto sita. Kila mmoja anataka kipande cha mgomba, kipande cha kahawa na kipande cha bonde. Haki kabisa. Basi wanakata mikanda sita inayoshuka, kila mkanda mita 10 upana na mita 100 urefu. Kila mpaka unageuka njia, na njia inashuka moja kwa moja. Zile njia tano zinakata kila mfereji mahali patano. Mvua ya Septemba ikija, maji yaliyokuwa yakitulia ndani ya mfereji yanatoka kwenye tundu na kushika njia. Mwaka wa kwanza njia ni mfereji wa mguu, wa pili unazama hadi goti, wa tatu ni korongo linalokula mita mbili za kila ndugu, kila mmoja akimshtaki mwenzake kwamba amesogeza mpaka. Hakuna aliyesogeza. Mpaka umeondoka na maji kwenda ziwani.

Na kipimo chenyewe ni chanzo cha ugomvi. Wale ndugu wamepima kwa kulaza kamba chini, kufuata mteremko. Kadastri inapima kwa usawa, kama ramani inavyotaka. Kwenye kilima kinachoshuka mita moja kila mita mbili, mita 100 za ardhini ni kama mita 89 kwenye ramani. Shamba letu la ari 60 (ari moja ni mita 100 za mraba) linaandikwa ari 53 na kitu. Familia inaona ari sita zimepotea ofisini, na kwa kuwa hakuna aliyewaeleza, wanaamini zimeuzwa. Dakika tano za maelezo, kamba mkononi, aliye upande wa juu akibana ncha yake ardhini na aliye upande wa chini akiinua ncha yake mpaka kamba ilale sawa, zingemaliza kesi ambazo zimekaa kwa mahakimu miaka. Kuhusu GPS ya simu: mahali peupe hukosea mita 3 hadi 5, chini ya migomba zaidi. Kwenye mkanda wa mita 10, hiyo ni nusu ya urithi wa mtu. Simu inafaa kuonyesha kilima kiko wapi. Mpaka wa ndugu na ndugu upimwe kwa kamba.

Kuna namna bora ya kugawa, na haihitaji pesa. Bonde ligawanywe peke yake, tuta kwa tuta. Nyumba na migomba ya jikoni iachwe kwa mjane. Mteremko ugawanywe kwa kufuata mifereji, kipande kati ya mfereji na mfereji, na wa juu kwenye kalongo aongezewe ari, wa chini kwenye civu apunguziwe. Mfereji ubaki wa wote, uandikwe hivyo. Njia ya kushukia iwe moja, ipinde, ipandwe majani pembeni. Anayekata vipande achague wa mwisho. Utaona jinsi vipande vinavyolingana. Na chini ya ari 20 hivi, kwa maoni yetu, kugawa ni kuharibu: afadhali wagawane zamu au mavuno. Tunajua wako watakaokataa, kila mtu anataka chake. Lakini hata wakikataa wawe wamesikia bei yake kutoka kwa mtu wa serikali.

Kahawa ni fupi kuieleza. Mti uliozeeka hukatwa sentimeta 30 hadi 40 kutoka ardhini, kwa mshazari ili maji yasikae, yakaachwa machipukizi mawili au matatu. Ukikata robo ya shamba kila mwaka, mavuno hayakatiki. Mzee alifanya hivyo. Baada ya kifo chake hakuna anayethubutu kushika msumeno, kwa sababu ndugu atakimbia kortini kusema "anaharibu mirathi". Na korti, kwa nia njema, inatoa amri kwamba mtu asiguse chochote mpaka kesi iishe. Mahakimu wetu, amri hiyo inaua. Kahawa isiyopunguzwa matawi inakuwa giza, na kwenye giza hilo anazaliana yule mdudu antestia anayetia kahawa ladha ya kiazi, na buni zilizoachwa mtini zinakuwa nyumba ya mdudu anayetoboa buni. Kesi ikiisha baada ya miaka minne mshindi anakabidhiwa kuni.

Kuhusu wanawake tutasema wazi. Jina la mke halikuwahi kutajwa siku ya kalinzi, ingawa matuta ni ya mikono yake. Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawapa watoto robo tatu ya mirathi kwa sehemu sawa, wa kike kama wa kiume, na robo inayobaki inawaendea mwenzi aliyebaki, wazazi na ndugu wa marehemu. Kifungu cha 785 kinampa mjane haki ya kutumia nyumba aliyoishi na mumewe, pamoja na nusu ya matumizi ya ardhi inayoambatana nayo ambayo marehemu alikuwa akiilima mwenyewe. Tunasoma vifungu hivi kilimani na watu wanashangaa, si kwa sababu wanavipinga. Hawajawahi kuvisikia kwa Mashi wala kwa Kiswahili. Mara nyingi mtoto mkubwa, ambaye sheria inamweka kuwa msimamizi wa mirathi, anadhani kusimamia ni kumiliki.

Na sasa jambo zito kuliko yote, linalogusa ofisi za hati. Wakati ndugu wanagombana, mmoja anachoka na kuuza "sehemu yake" kwa mtu wa mjini. Mtu wa mjini anajua njia. Anaomba hati, na hati inapotoka ina ukubwa wa kilima kizima. Kifungu cha 227 cha sheria ya 1973 kinasema hati hiyo, yaani cheti cha usajili, baada ya miaka miwili haishambuliwi tena. Miaka miwili! Kilimani watu bado hawajavua nguo za msiba. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 193 na vinavyofuata, inadai uchunguzi wa awali kabla ya ardhi ya vijijini kutolewa, lengo likiwa kujua wengine wana haki gani pale. Uchunguzi unaofanyiwa mezani hauwezi kuona kaburi, wala mti wa mpaka, wala migomba ya miaka hamsini.

Tunachoomba ni hiki.

Kila grupman iandike wazee wake waliofungua mashamba wangali hai, ukurasa mmoja kwa kila shamba, nakala tatu: ya familia, ya grupman, ya kadastri. Ukurasa huo uwe na jina la mzee na la mke au wake zake, majina ya watoto wote, kalinzi ilitolewa nini, kwa nani na mbele ya nani, majirani wa pande nne na sahihi au kidole cha kila mmoja, mchoro wenye mifereji, makaburi na miti ya mpaka, urefu wa kila upande uliopimwa kwa kamba iliyolala sawa, na vipande vilivyotolewa kwa bwasa, kwa nani na tangu lini. Hili la bwasa msilidharau. Mzee akifa, mpangaji wa miaka kumi anasema ilikuwa kalinzi, familia inasema ilikuwa bwasa, na muhogo wake uko ardhini ukihitaji miezi sita zaidi kukomaa. Iandikwe pia kwamba atavuna kwanza. Ukurasa huo si cheti cha usajili na hatudai kwamba ni cheti. Ni ushahidi utakaokuwepo siku ya uchunguzi wa awali, wakati mwenyewe hayupo.

Mashefu wa grupman, mrithi anapokuja kujitambulisha baada ya msiba, msimdai kalinzi kana kwamba anaingia upya. Kalinzi ya baba ilikwisha kutolewa. Kama kuna zawadi ya heshima kwa desturi ya mahali, ipokewe kwa karatasi yenye kiasi na tarehe.

Konservatere na watu wa kadastri, msitoe hati ya shamba la kijijini kabla mtu wenu hajatembea mpaka wake kwa miguu pamoja na majirani. Tangazo la uchunguzi libandikwe sokoni na kwenye milango ya makanisa, kwa Mashi au Kihavu na kwa Kiswahili. Tangazo la Kifaransa kwenye mlango wa ofisi, kilometa 40 kutoka kilimani, limebandikiwa nani?

Mahakimu, mnapozuia shamba, andikeni ndani ya amri hiyohiyo nani atapunguza kahawa, nani atazibua mifereji, nani atakata migomba yenye ugonjwa, na mavuno yatawekwa kwa nani hadi hukumu.

Serikali ya jimbo, pelekeni agronoma mmoja kwenye kila shefferi (eneo la mwami) siku za kugawana, akiwa na kamba ya mita 50 na kipimo cha usawa. Kipimo hicho ni miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, uzi na jiwe. Hakuna bajeti inayoshindwa na jiwe.

Wakati wa kufanya haya unajulikana. Katikati ya Juni mvua inakata, majani chini ya migomba yanakauka, mti wa mpaka unaonekana kutoka mbali, na wazee wanakaa nje kuota jua la asubuhi. Katikati ya Septemba watu wanarudi kupanda maharagwe na mpaka unafunikwa tena. Kamba tunazo, na mfano wa ukurasa tumeuambatisha kwenye barua hii. Tunaomba mtutajie grupman ya kuanzia.

Kwa heshima,

Wapimaji, waandishi wa mirathi na washauri wa kilimo wa Bukavu